Marahaba ya Mama Mwenye Nyumba

Mama mwenye nyumba wetu wa Kirumba alikuwa na msimamo kwamba nyama mbichi ni ya kupika. Wapo waliomjia na jicho lililovimba wakiwa wamelifunika kwa kipande cha steki, kwa sababu waliona hivyo kwenye vibanda vya video. Aliichukua ile steki, akaigeuza huku na huku kama mnunuzi, akaitia kwenye bakuli na kuifunika.

"Hii tutaipika na nyanya," alisema. "Jicho linataka baridi, halitaki mchuzi."

Halafu akaenda kwenye friji.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati na bomba moja uani, na friji lilikuwa lake peke yake. Alilinunua miaka ile maduka ya mjini yalipoanza kujaa vitu, baada ya miaka mingi ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni. Lilikuwa la mtumba kutoka Uarabuni, na mlango wake aliufunga kwa mpira wa baiskeli. Juu aliweka barafu za ukwaju za kuuza. Chini kabisa aliweka vifuko vya maji matupu vilivyoganda. Ukimwomba ya ukwaju bure, alikutukana. Zile za maji hakumuuzia mtu yeyote, hata siku za joto kali. Zilikuwa za macho.

Chumba chetu walikipanga wazazi wetu. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla sijafanya mtihani wa darasa la saba. Nilikunja sketi yangu ya bluu ya shule nikaiweka chini ya godoro ili mdogo wangu aivae ikimtosha, na baadaye akaivaa. Watu wa msiba walipokwisha kuondoka, mama mwenye nyumba alisimama mlangoni kwetu na ndoo mkononi. Nilidhani amekuja kutuambia tuhame.

"Hii ndoo ni ya mama yenu, niliazima," alisema. "Imetoboka, lakini si mimi niliyeitoboa."

Akaiweka chini akaondoka. Hayo ndiyo mazungumzo pekee tuliyofanya kuhusu kubaki. Tukabaki. Mama alikuwa ameniambia wodini nisimwache mdogo wangu njiani, na mimi nilichukua maneno yale kama mtu anavyochukua mzigo, bila kuuliza una uzito gani. Nilipata kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki. Tulisimama siku nzima na mabuti ya mpira kwenye maji ya baridi. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa yenye vichwa, ambayo watu waliiita mapanki, ilirudi mtaani tukaila sisi.

Sitaki kumfanya mama mwenye nyumba malaika. Choo alikitia kufuli, na ambaye hakusugua zamu yake alikwenda kubisha hodi kwa majirani. Aliwahi kununiana na mama wa nyumba ya nyuma kwa sababu ya kuku mmoja mpaka kuku mwenyewe akafa kwa uzee. Alijua nani amenunua sangara mzima na nani amenunua mapanki akayafunika kwa mchicha, na alilisema bombani kwa sauti. Kwaya aliimba vibaya, akaambiwa, akaendelea.

Lakini kwenye jicho alinyamaza.

Alimkalisha mgonjwa kwenye kigoda, mgongo ukutani, kichwa juu. Kulala chali alikataza. Barafu aliiponda kwa mchi ikiwa ndani ya kifuko, akaizungushia kipande cha khanga kilichochakaa, kwa sababu khanga mpya inakwaruza. Hakuiweka juu ya jicho lenyewe. Aliiweka kwenye mfupa, juu ya shavu na chini ya nyusi, kwa mkono mwepesi kuliko ambavyo ungetegemea kwa mtu anayefungua milango kwa teke. Muda aliupima kwa chai: ikichemka jikoni, aliondoa. Chai ikinyweka, alirudisha. Siku za kwanza ni baridi. Uvimbe ukishuka ni kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kukanda taratibu bila kusugua, mpaka zambarau igeuke kijani, kijani igeuke manjano, na manjano iondoke. Panadol aliruhusu. Aspirini alikataza, akisema inaiacha damu iendelee kutembea. Wakati wa kulala, kichwa kiwe juu ya blanketi lililokunjwa.

Mwisho alisimama mbele ya mgonjwa, akamwambia afungue macho yote mawili kadiri anavyoweza.

"Unaniona wangapi?"

Aliyejibu mmoja alirudi kwake. Aliyejibu wawili, au ambaye damu ilikuwa imesimama mbele ya mboni, aliambiwa avae viatu waende hospitali. Wengi waliogopa sana neno hilo. Hospitali mtu aliyepigwa anaulizwa kwanza fomu ya polisi, na polisi wanauliza jina la aliyempiga. Kwa mama mwenye nyumba hapakuwa na fomu wala jina.

Kulikuwa na miaka ya mgao wa umeme, friji likawa kabati. Hapo aliteremka Mwaloni, kwenye soko la samaki, akasimama karibu na magari yanayopakia, na kila pande la barafu lililodondoka aliliokota akalitia kwenye ndoo. Barafu ile ilinuka sangara. Kanisani ungeweza kujua kwa pua nani alikaa kwenye kigoda wiki ile.

"Mama, nanuka samaki," alilalamika mke wa dereva wa lori, aliyekaa chumba cha mwisho.

"Basi paka wakufuate. Tulia."

Hakumuuliza mtu kilichotokea. Alifanya kitu kingine, ambacho mpaka leo sijakiona kwa mtu mwingine: alimpa mgonjwa sababu ya kwenda nayo nyumbani na sokoni. Na kwa kuwa alitibu mtaa mzima, alihakikisha sababu hazigongani.

"Mimi nitasema mlango," mke wa dereva alisema siku ile.

"Mlango umeshachukuliwa. Yule wa duka la mafuta ya taa ametoka nao juzi."

"Basi bomba."

"Bomba liko chini, wewe una jicho huku juu. Ulikuwa unaogelea? Sema mtoto amekupiga kichwa ukimbeba. Una mtoto, si ndiyo?"

"Ninaye."

"Haya. Mtoto. Na ucheke kidogo ukisema."

Mimi mwenyewe nilimwendea mara moja. Kiwandani kreti la samaki liliteleza kutoka juu ya mengine likanipiga. Nilifika nyumbani jicho limejifunga.

"Kreti la samaki limeniangukia," nikamwambia.

Alisimamisha mchi akanitazama kwa heshima. "Kreti," alisema. "Hiyo mpya. Nani amekufundisha?"

"Mama, ni kweli. Kreti."

"Sawa, mwanangu. Usiniapie."

Haukupita muda mrefu nikasikia mke wa fundi cherehani akimweleza muuza nyanya kwamba ameangukiwa na kreti. Mke wa fundi cherehani hakuwahi kukanyaga kiwandani.

Kwa wanaume alikuwa na jambo lake. Mwanamume akiwa amempiga mkewe, mama mwenye nyumba hakuitikia shikamoo yake. Hakumwambia kwa nini. Hakumfukuza, hakumsema bombani. Alimnyima marahaba tu, mpaka jicho lile lirudie rangi yake.

"Shikamoo mama," dereva wa lori alisema asubuhi, taulo begani.

Mama mwenye nyumba aliendelea kuchambua mchele.

"Mama, shikamoo!"

"Ndoo yako inavuja," alisema.

Uani pote mikono ilisimama. Mtu mzima, mwenye gari la kwenda mpaka Burundi, alibaki ameinama kidogo na salamu yake mdomoni. Kesho yake alileta sukari. Sukari ilipokelewa, marahaba haikutoka. Ikafika siku rangi ikaisha usoni kwa mkewe, na alipoamkia akaitikiwa, "Marahaba, hujambo?" kana kwamba ndiyo kwanza wamekutana. Kwa hiyo sisi wapangaji hatukuhitaji kuambiwa habari za vyumba vya watu. Tulisikiliza nani ameitikiwa.

Sijui kama jambo hilo lilimzuia mtu yeyote. Dereva alirudia, akanyimwa tena, akarudia, halafu wakahama.

Nilimuuliza siku moja tukifunga barafu za ukwaju kwa nini hamuulizi mgonjwa ni nani aliyempiga.

"Nikiuliza ni nani, itabidi nifanye kitu," alisema. "Na mimi nina barafu."

Mdogo wangu aliolewa na fundi wa kuchomelea mageti, wakahamia Igoma, ambako wakati ule kila aliyepata kiwanja alitaka geti. Shemeji alikuwa mcheshi. Alituchomelea kitanda bila kuombwa. Jumapili moja mdogo wangu alikuja kututembelea, chini ya jicho la kushoto ana rangi ya manjano.

"Nilikuwa napasua kuni, kipande kikaruka," alisema, akacheka kidogo.

Nilimpa chai, akanywa, akaondoka. Nilipokuwa nasuuza vikombe nikakumbuka kwamba kwake wanapikia mkaa. Ile nyumba haikuwa na kuni hata ya kuzuia mlango. Wiki hiyohiyo shemeji alipita na kilo za sato, akamkuta mama mwenye nyumba ukumbini.

"Shikamoo mama."

Nilikuwa chumbani nimeshika pasi. Nilisikia ukumbi ulivyokaa kimya. Nilisimama na ile pasi mpaka shati la kazi likaungua.

Shemeji alipoondoka nilikwenda uani.

"Mdogo wangu alikuja kwako?"

"Wanakuja wengi."

"Umemwambia aseme kuni. Kwake wanatumia mkaa."

Aliuweka mchi chini. Nilimwona amesumbuka kweli, lakini kama fundi aliyekosea kipimo. "Nilidhani Igoma bado wana kuni," alisema.

"Ungeniambia mimi."

"Ningekuambia wewe, kesho angekuja?"

Nilikwenda Igoma siku ya mapumziko. Shemeji alikuwa nje na miwani myeusi, cheche zinaruka. "Shemeji karibu! Mletee dada yako soda!" Ndani nilimwambia mdogo wangu afunge nguo zake. Aliniambia mumewe ameshajuta.

"Dada, yamekwisha. Hata mama mwenye nyumba ameshamwitikia."

"Lini?"

"Jana. Alipita kumwamkia, akaitikiwa. Amekuja amefurahi kama ametoka kuungama."

Hapo ndipo niliona ile marahaba ilikuwa inafanya kazi gani. Jicho likisafishika, na aliyelipiga anasafishika pamoja nalo. Nilikunywa soda nikarudi Kirumba.

Mara ya pili nilikuwa natoka kazini, mabuti mkononi. Mdogo wangu alikuwa kwenye kigoda, mgongo ukutani, na jicho ni lilelile la kushoto. Mama mwenye nyumba alikuwa amemaliza na barafu. Jua lilikuwa linazama na taa ya ukumbini haijawashwa.

"Fungua yote mawili. Unaniona wangapi?"

Mdogo wangu alimtazama kwa muda mrefu. Macho yake yalikwenda upande mmoja, yakarudi.

"Mmoja."

"Mmoja kweli?"

"Mmoja, mama."

"Haya," alisema mama mwenye nyumba, akakunja khanga yake.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba safari hii harudi Igoma. Alilala kwenye kile kitanda cha shemeji, kichwa juu ya blanketi. Shemeji alikuja kila siku. Aliamkia getini, hakuitikiwa, akakaa kwenye jiwe akachezea funguo. Vitambaa vya uvuguvugu vilifanya kazi yake. Zambarau, kijani, manjano. Asubuhi moja mdogo wangu alitoka uso wake ukiwa safi, na mama mwenye nyumba, aliyekuwa getini akifagia, aliinua kichwa.

"Shikamoo mama," shemeji alisema.

"Marahaba."

Shemeji alivuta pumzi mpaka tukamsikia. Mdogo wangu aliingia ndani akatoka na mfuko wake wa nguo. Nilimwambia anywe chai kwanza, kwa kuwa sikuwa na neno lingine la kumchelewesha. Akashika birika akamimina. Chai yote ilimwagika mezani, pembeni ya kikombe, na yeye akaendelea kumimina.

Mama mwenye nyumba aliona hilo kutoka getini. Aliangusha fagio, akaja, akapitisha mkono upande wa kushoto wa uso wa mdogo wangu. Kope hazikutikisika. Akageuka akamrudia shemeji.

"Ile marahaba," alisema, "nimeichukua."

"Mama?"

"Nimeichukua. Hukuipata. Toka kwenye geti langu."

Tukaenda hospitali, mimi na mdogo wangu. Njiani alinieleza.

"Siku ile niliona wawili, dada. Mmoja alikuwa na ukungu."

"Kwa nini hukusema?"

"Wangetaka fomu. Angefungwa."

Daktari alisema kitu cha nyuma ya jicho kimeachia kama pazia lililotoka kwenye ukuta, na tulikuwa tumechelewa. Fomu nilikwenda kuichukua mimi. Kituoni waliuliza jina, nikalitaja, nikasahihisha herufi walizokosea. Shemeji aliwekwa ndani, akatolewa, akaenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu, na hatukusikia habari zake tena. Mdogo wangu alirudi chumbani kwetu. Alijifunza kumimina chai kwa kuegesha birika kwenye ukingo wa kikombe.

Mama mwenye nyumba aliviyeyusha vile vifuko vya maji akamwagilia mchicha. Waliokuja na macho yao aliwaambia mlangoni, "Vaa viatu, nenda hospitali," na waliobisha aliwafungia. Aliendelea kuuza ukwaju. Aliendelea kugombana na watu kuhusu choo. Badiliko jingine lilikuwa moja tu: hakuitikia tena shikamoo ya mdogo wangu.

Aliongea naye. Alimpa mboga. Lakini asubuhi mdogo wangu akisema "Shikamoo mama," yule mama aliinamia alichokuwa anafanya. Mdogo wangu alichukulia kwamba analaumiwa kwa kudanganya. Mimi sikujua nichukulie vipi. Tuliishi hivyo mpaka mama mwenye nyumba alipochukuliwa na mwanawe mkubwa kwenda kwake Busisi, ng'ambo ya kivuko, na nyumba ikapata mwenyewe mwingine.

Tulimtembelea alipokuwa amezeeka sana. Ni mdogo wangu aliyetaka. Tulivuka asubuhi kutoka Kigongo, mdogo wangu amekaa upande wa kulia ili aone maji. Tulimkuta kwenye baraza, anachambua dagaa kwa kupapasa, akitupa mchanga upande mmoja.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ni wa kreti."

"Ndiyo, mama."

"Lilikuwa kreti kweli?"

"Kweli."

"Nilifikiri sana baadaye. Nikaona huenda ni kweli."

Mdogo wangu alipiga magoti mbele yake. "Shikamoo mama."

Mikono ya yule mama ilisimama juu ya dagaa. Kivuko kilipiga honi kikiondoka, akangoja honi iishe.

"Siku ile," alisema. "Uliniona wangapi?"

"Wawili," mdogo wangu akajibu. "Nilikudanganya, mama. Nisamehe."

"Hukunidanganya. Nilikuona unavyotafuta yupi ni mimi. Niliona kabisa." Aliokota dagaa mmoja, akamrudisha. "Ila jioni ilikuwa imeingia, na hospitali ni mbali, na polisi ni maneno mengi. Nikauchukua ule mmoja wako."

Mdogo wangu alisogea karibu, magoti yakiwa bado chini.

"Basi ningeitikiaje? Mtu aliyeharibu jicho haitikiwi wala haitikii mpaka lipone. Nilikuwa nangoja lipone."

"Halitapona, mama."

"Najua. Wewe sasa hivi unaniona wangapi?"

"Mmoja. Kwa hili moja."

Alitikisa kichwa polepole, kama alivyofanya zamani baada ya kumtazama mgonjwa. Alifuta mikono kwenye khanga, akaunyoosha mmoja mpaka ukagusa kichwa cha mdogo wangu.

"Niamkie tena," alisema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Halafu akatuuliza kama tumekula.